Nchi inayolea wauza unga inyimwe mikopo ya maendeleo? Karibuni tujadili

#1 Mpiga Hesabu
Wakuu, salaam. Naenda moja kwa moja.

Kuna watu humu wanaamini mkopo wa barabara na biashara ya kokeini ni vitu viwili visivyojuana. Marekani walishaviunganisha tangu 1986. Sheria yao inamtaka rais kila mwaka ataje nchi kubwa zinazozalisha au kupitisha dawa za kulevya, kisha aseme ipi imeshirikiana vya kutosha na ipi imezembea. Ukinyimwa cheti, msaada wao unakatwa, na mwakilishi wao kwenye Benki ya Dunia na benki nyingine za maendeleo anapiga kura ya HAPANA mkopo wako ukifika mezani.

Mimi naona ni sawa, na natamani wakopeshaji wote wafanye hivyo. Kwa nini nikukopeshe hela ya kupanua bandari wakati najua usiku bandari hiyo ni ya nani? Mwenye hoja alete. Povu peleka kwingine.

#2 Mkaa Kimya
Nimeweka kiti. Ngoja waje.

#3 Kalamu Butu
Mleta uzi, muuza unga anakopa Benki ya Dunia? Yule ana mzigo wake wa hela taslimu, hana shida na riba nafuu ya miaka 30. Anayekopa ni serikali, anayelipa ni mwananchi, na atakayekosa maji ya bomba ni mama ambaye kokeini hajawahi hata kuiona kwa macho. Unampiga asiyehusika ukitegemea anayehusika aone huruma. Atatoa wapi?

#4 Mpiga Hesabu
@Kalamu Butu kwa hoja hiyo basi tusiweke sharti lolote kwenye mkopo wowote, maana kila sharti lina mama yake kijijini. Serikali inayowakingia kifua wauza unga ndiyo iliyoanza kumnyima huyo mama maji.

#5 Jicho la Nyaraka
Turekebishe kwanza. Aliyoeleza mleta uzi ni sheria ilivyokuwa zamani. Mfumo ule ulibadilishwa 2002.

Zamani ukiingia kwenye orodha ulihesabiwa umefeli mpaka rais akupe cheti, na nusu ya msaada ilishikiliwa ukisubiri. Sasa unahesabiwa umefaulu mpaka rais atamke kwamba "umeshindwa waziwazi". Tarehe nayo ilihama, kutoka 1 Machi hadi 15 Septemba.

Kitu kimoja hakikuguswa: rais anaweza kutamka kwamba nchi imeshindwa, halafu palepale akasema maslahi ya Marekani yanataka iendelee kupewa. Septemba 2025 Kolombia iliwekwa kundi la walioshindwa pamoja na Afghanistan, Bolivia, Myanmar na Venezuela, kisha ikafunguliwa huo mlango wa nyuma. Ukitaka kuielewa sheria hii, usisome orodha ya waliofeli. Soma orodha ya waliosamehewa.

#6 Sauti ya Mtaa
Yaani umefeli mtihani ila shule bado inakutaka 😂😂

#7 Nahodha Mstaafu
Naona mnabishana kama vile kura ya Marekani inazuia mkopo. Haizuii. Kwenye dirisha kuu la Benki ya Dunia wana takriban asilimia 16 ya kura, na mikopo ya kawaida hupita kwa wingi wa kura. Turufu yao inatokana na kanuni ya asilimia 85, na hiyo ni ya kubadilisha katiba ya benki, mikopo haimo. Kwenye Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika wana asilimia 30. Nyingi, lakini hata huko haifiki nusu.

Halafu mkataba ulioanzisha Benki ya Dunia, ibara ya nne kifungu cha kumi, unakataza kuingiza siasa za ndani za mwanachama kwenye maamuzi. Wazingatie uchumi tu. Kwa hiyo Benki yenyewe haina ruhusa ya kumwambia mtu "kamata wauza unga ndipo nikukopeshe". Mwanachama mmoja mmoja anapiga kura kwa sababu zake, basi.

#8 Bi Mkaguzi
Nahodha, kwenye karatasi uko sahihi. Ila kura hazipigwi mara nyingi kiasi hicho. Mkopo ukifika kwenye bodi umeshajadiliwa miezi na miezi, na ule ambao mwenye hisa kubwa anaununia huwa haufiki kabisa. Unaambiwa maandalizi hayajakamilika. Hakuna aliyekataa, hakuna kura, na mwaka umeisha.

Na kuhusu kutochanganya siasa, wanapita njia nyingine. Niliwahi kufanya kazi kwenye kitengo cha madeni ya nje, nchi sitaitaja. Tulikuwa na mkopo wa kusaidia bajeti, unatoka kwa awamu. Awamu ya pili ilikuwa na jedwali la masharti, na mojawapo ni sheria ya kudhibiti utakatishaji fedha iwe imepitishwa na kutangazwa kwenye gazeti la serikali. Neno "unga" halikuandikwa popote. Liliitwa sharti la usimamizi wa sekta ya fedha.

Muswada ulisomwa haraka haraka jioni, ukumbi nusu mtupu. Sheria ikapita. Mimi ndiye niliyeambatisha nakala ya gazeti la serikali kwenye ombi la kutolewa fedha, yenye muhuri, kurasa zote zimesainiwa pembeni. Fedha zikaingia. Kitengo ambacho sheria ile ilisema kianzishwe kilipata chumba chenye meza mbili na simu isiyo na laini. Nilipoondoka bado kilikuwa na mtu mmoja, naye alikuwa ameazimwa idara nyingine.

#9 Mkaa Kimya
Simu isiyo na laini. Nimecheka halafu nikanyamaza.

#10 Mpiga Hesabu
@Bi Mkaguzi asante dada, ila umenisaidia mimi. Tatizo hapo ni sharti kuwa laini. Lingesema "watu kadhaa wawe wamefikishwa mahakamani" badala ya "sheria iwe imepitishwa", ile simu ingepata laini.

#11 Bi Mkaguzi
Wangefikishwa vijana wenye kete tatu mfukoni. Idadi ingetimia kabla ya mwezi kwisha.

#12 Mzee Mapito
Vijana mnazungumza nadharia. Kolombia ilishapitia haya. Ernesto Samper aliingia madarakani 1994, ikaibuka tuhuma kwamba kampeni yake ilichotewa mamilioni ya dola na genge la Cali. Waziri wake wa ulinzi, aliyekuwa meneja wa kampeni, akafungwa. Bunge likamsafisha Samper mwenyewe Juni 1996. Marekani hawakukubali: walikwishainyima nchi cheti Machi mwaka huo, Julai wakamfutia yeye viza, na 1997 wakainyima cheti tena.

Kichekesho ni Septemba 1996. Samper anajiandaa kwenda New York kuhutubia Umoja wa Mataifa, hotuba yenyewe inahusu vita dhidi ya dawa za kulevya. Ndege ya rais ikapekuliwa, zikakutwa karibu kilo 4 za heroini. Ndege ya rais! Alisafiri kwa ndege nyingine, akahutubia.

Na mikopo? Kilichosimama haraka kilikuwa dhamana na mikopo ya mashirika ya Marekani yenyewe, yale yanayosaidia wafanyabiashara wao kuuza na kuwekeza nje. Matokeo yake makampuni ya Kimarekani ndiyo yaliyokwenda kulalamika Washington.

#13 Kalamu Butu
Na koka je, mmea wenyewe wa kokeini?

#14 Mzee Mapito
Ilipanda. Miaka hiyohiyo Peru na Bolivia mashamba yalipungua, Kolombia yakaongezeka, na mwisho wa muongo ilikuwa inaongoza duniani.

#15 Mpiga Hesabu
Mzee heshima kwako, lakini umeruka nusu ya hadithi. Desemba 1996, katikati ya adhabu, Kolombia ilipitisha sheria ya kutaifisha mali za wauza unga. Desemba 1997 wakabadilisha katiba kuruhusu tena raia wao kupelekwa kushtakiwa nje, jambo ambalo katiba ya 1991 ilikuwa imelipiga marufuku. Bila kubanwa, Bunge lile lingethubutu? Wabunge wangapi walikuwa mfukoni mwa Cali?

#16 Jicho la Nyaraka
Angalia na kalenda ya nyuma. Ndugu wawili wa Rodríguez Orejuela, vigogo wa Cali, walikamatwa Juni na Agosti 1995. Cheti kikanyimwa 1996. Yaani serikali iliyowatia ndani vigogo ndiyo ikaadhibiwa, miezi michache baadaye.

Na yale mabadiliko ya katiba hayakugusa makosa ya kabla yake, kwa hiyo vigogo hao walibaki salama kwa yale ya zamani. Kubanwa kulisaidia, sikatai. Ila majaji na waandishi wa Kolombia walikuwa wanauawa kwa ajili ya vita hiyo kabla Washington haijaanza kugawa vyeti.

#17 Dada Takwimu
Weka Meksiko pembeni ya Kolombia ndipo uelewe. Desemba 1996 Meksiko inamteua jenerali Jesús Gutiérrez Rebollo kuongoza vita dhidi ya dawa za kulevya. Mwenzake wa Marekani, Barry McCaffrey, anamsifu hadharani kwa uadilifu. Februari 1997 jenerali anakamatwa: alikuwa analipwa na Amado Carrillo Fuentes, kigogo wa genge la Juárez. Siku chache baadaye, mwisho wa Februari, Meksiko inapewa cheti. Safi kabisa, bila hata mlango wa nyuma.

Siku ileile Kolombia inanyimwa.

Tofauti yao si kilo wala hekta. Meksiko ilikuwa na mkataba wa biashara huria na Marekani, na Januari 1997 ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kulipa mkopo wa dharura waliopewa na Marekani peso ilipoporomoka. Nani angepiga kura ya kumkatia mikopo jirani aliyetoka kumwokoa?

#18 Sauti ya Mtaa
Huyo jenerali alikuwa anapigana vita kweli, ila kwa niaba ya timu moja 😂

#19 Karani wa Vielelezo
Sijachangia humu siku nyingi, ila mtu akisema "tupime kwa kilo zilizokamatwa" mimi hucheka peke yangu.

Nimetunza stoo ya vielelezo. Mzigo ukikamatwa kwa operesheni ya pamoja, forodha wanauandika wao, polisi wanauandika wao, na kikosi maalumu nacho kinaandika chake. Mifuko ni ileile, namba za lebo tatu. Mwisho wa mwaka kila idara inapeleka taarifa yake juu na mtu wa takwimu anajumlisha. Uzito wenyewe wengine wanapima na kifungashio, wengine bila. Kuna mzigo ulipungua kati ya stoo na maabara, maelezo yaliyoandikwa ni "unyevu umekauka".

Sasa mfungie mtu mkopo wa mamilioni kwa tarakimu hizo. Kesho yake kilo zitapatikana, hata kama ni kwa kuhesabu mfuko mmoja mara nne.

#20 Mpiga Hesabu
Unyevu umekauka! Mkuu hapo sina la kusema. Lakini hekta huwezi kuzifanyia hivyo, zinapigwa picha na setilaiti.

#21 Mwana wa Mkulima
Hekta zinahama. 1971 Rais Nixon wa Marekani aliibana Uturuki ipige marufuku kilimo cha mpopi, mmea unaotoa afyuni na heroini, akaahidi dola milioni 35 za kuwafidia wakulima na kuanzisha mazao mengine. Wakulima wakalalamika fidia haiwafikii inavyotakiwa, na 1974 serikali ya Ecevit ikafungulia tena kilimo. Safari hii mkulima haruhusiwi kuchanja kichwa cha mpopi kutoa utomvu. Anavuna kikiwa kikavu, kinakwenda kiwandani kutengeneza dawa za hospitali. Mpaka leo ni zao halali.

Heroini sokoni Marekani haikuisha. Meksiko wakaziba pengo, ile ya rangi ya udongo. Kwa hiyo Uturuki ilitatuliwa kwa kuwapa wakulima mnunuzi halali, na soko likatatuliwa na mkulima mwingine.

#22 Mtoa Siri
Mnazunguka tu. Marekani waliwalipa Taliban dola milioni 43 mwaka 2001 ili wazuie afyuni, na wakazuia. Hela inafanya kazi. Mjadala ufungwe.

#23 Jicho la Nyaraka
@Mtoa Siri hiyo imezungushwa sana mitandaoni. Marufuku ya Taliban ilitoka Julai 2000. Zile milioni 43 zilitangazwa Mei 2001, zilikuwa msaada wa ukame, na zilipitia Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada. Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliitaja marufuku kwenye tangazo lake kwa kuipongeza, ndipo watu wakaunganisha. Huwezi kununua mwezi wa tano kitu kilichofanyika mwaka uliopita.

Na walipopiga marufuku tena Aprili 2022, eneo la mpopi lilishuka kwa asilimia 95 ndani ya mwaka mmoja kwa takwimu za Umoja wa Mataifa. Wakati huo serikali hiyo ilikuwa haitambuliwi na nchi yoyote, akiba yake imezuiwa nje, mkopo wa Benki ya Dunia haipati. Hakukuwa na cha kukatiwa.

#24 Mtoa Siri
Basi hiyo ndiyo hoja yangu hasa, kwamba vitisho vya mikopo havihitajiki.

#25 Sauti ya Mtaa
Kaka umegeuza gari barabara moja ukiwa kwenye spidi 😂😂

#26 Wakili Pwani
Wengine wamejaribu zawadi badala ya fimbo. Jumuiya ya Ulaya ilianza 1990 kuzipunguzia ushuru nchi za Andes, Amerika Kusini, zinazopambana na koka. Baadaye wakaongeza nyingine, na 2002 wakaiingiza Pakistan. India ikakasirika: nguo za Pakistan zinaingia Ulaya kwa ushuru mdogo, za kwake zinatozwa. Ikafungua kesi Shirika la Biashara Duniani, na Aprili 2004 ikashinda. Waamuzi wa rufaa walisema kubagua kati ya maskini na maskini kunawezekana, ila lazima kuwe na vigezo vya wazi ambavyo yeyote mwenye tatizo hilohilo anaweza kuvitimiza. Orodha ya Ulaya ilikuwa imefungwa, hakuna kigezo wala mlango wa kuombea.

Anayetaka kufunga mikopo kwenye unga aanzie hapo: kigezo ni kipi, na nani anaruhusiwa kukata rufaa?

#27 Mfukuza Miamala
Mimi nipo benki, kitengo cha uzingatiaji. Mnapoteza muda na kura za Benki ya Dunia. Fimbo inayouma ni orodha ya kijivu ya FATF, kikosi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha: orodha ya nchi zilizo chini ya uangalizi. Kikosi kile kilianzishwa 1989 na mataifa saba tajiri hasa kwa ajili ya fedha za unga, ugaidi ulikuja baadaye. Wataalamu wa IMF walikadiria 2021 kwamba nchi ikiingia orodha hiyo mtaji unaoingia hushuka kwa wastani wa asilimia 7.6 ya pato la taifa. Hakuna aliyepiga kura ya hapana kwenye mkopo wowote.

Kwa upande wetu inakuja hivi: asubuhi unafungua ujumbe, benki ya nje inayopokea dola kwa niaba yako inauliza maswali 40 kuhusu mteja anayenunua vipuri vya trekta. Unajibu. Wanauliza tena. Baada ya robo mwaka wanakuandikia kwamba "kwa kuzingatia mwelekeo wetu wa biashara" akaunti itafungwa. Mteja wa vipuri anakulaumu wewe. Mwenye hela za unga alishahamia kununua majumba.

#28 Kalamu Butu
Na hao wanaouliza maswali 40 nani anawauliza wao? HSBC ya Uingereza ililipa dola bilioni 1.9 mwaka 2012 kwa kupitisha fedha za magenge ya Meksiko. Waendesha mashtaka walisema wateja walikuwa wanaleta hela kwenye masanduku yaliyotengenezwa kwa kipimo cha dirisha la keshia. Kipimo kamili, ili lipite bila kukwama! Hakuna bosi aliyefungwa. 2024 TD Bank ya Kanada ikakiri makosa, faini karibu bilioni 3. Kuna yeyote aliyependekeza Uingereza au Kanada zikatiwe mikopo?

#29 Mpiga Hesabu
Hazikopi Benki ya Dunia, mkuu.

#30 Kalamu Butu
Umejijibu mwenyewe.

#31 Mwana wa Mkulima
Mbona Bolivia hamuitaji? Rais Evo Morales aliwafukuza DEA, kikosi cha Marekani cha dawa za kulevya, mwaka 2008, na tangu mwaka huo Marekani ikawa inaitangaza imeshindwa, mwaka baada ya mwaka. Wakati huohuo kila familia iliyosajiliwa eneo la Chapare iliruhusiwa kiraba kimoja cha koka, mita 1,600 za mraba, na chama cha wakulima chenyewe ndicho kinachokagua, kwa hela ya Umoja wa Ulaya. Ukizidisha, majirani wanakung'olea. Koka ikashuka kutoka hekta 31,000 mwaka 2010 hadi karibu 20,000 mwaka 2015. Waliofeli mtihani ndio waliokuwa wanapunguza.

#32 Dada Takwimu
Malizia na nusu ya pili: baadaye ikapanda tena hadi karibu 30,000. Na wapinzani wa Morales watakuambia alikuwa anawalinda wapiga kura wake, kwani yeye mwenyewe alitokea kwenye chama hicho cha wakulima wa koka.

#33 Mwana wa Mkulima
Sawa, lakini kupanda huko kumetokea cheti kikiwa kimenyimwa vilevile. Kwa hiyo cheti hakielezi kushuka wala kupanda.

#34 Mgeni Rasmi
Wakuu sijasoma kurasa zote. Kwani Nigeria nayo imo?

#35 Jicho la Nyaraka
Iliwahi kuwemo, ikanyimwa cheti miaka ya utawala wa kijeshi wa Sani Abacha, baadaye ikatolewa. Kwenye orodha ya 2025 hakuna nchi hata moja ya Afrika.

#36 Mgeni Rasmi
Hata Guinea-Bissau? Si mpaka mkuu wa zamani wa jeshi la majini alidakwa na DEA baharini?

#37 Jicho la Nyaraka
Bubo Na Tchuto, Aprili 2013, akashtakiwa New York. Hata hivyo, nchi haimo. Kwa koka au mpopi, sheria inasema mzalishaji mkubwa ni mwenye hekta 1,000 au zaidi, na njia kubwa ya kupitishia ni ile ya dawa zinazoiathiri Marekani kwa kiasi kikubwa. Kokeini ya Bissau inakwenda Ulaya.

#38 Mpiga Hesabu
Basi Ulaya watunge ya kwao.

#39 Wakili Pwani
Walitunga. Rudi #26.